Mdhamini wa Vifurushi Kumi na Vinne

Si mbali na hapa, ingawa hakika si hapa, ipo nchi iitwayo Jamhuri ya Tuendelee. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Serikali yake iliomba isichorwe, ili maadui wasijue pa kuanzia. Ni nchi njema. Barabara zake zote zimekwisha kuzinduliwa, nyingine mara tatu, na kilichobaki ni kuzijenga tu.

Katikati ya mji mkuu limesimama Jumba la Mtambo, jengo pana lenye nondo madirishani na lango moja la chuma. Humo umo Mtambo wa Taifa, kompyuta inayotunza majina ya wananchi, vyeti vyao na siku zao za kuzaliwa. Si kompyuta ya kubofya picha. Ni ya ile jamii ya kale inayopendwa na mafundi: kioo cheusi, herufi nyeupe, mtu anaandika amri, na mtambo unatii au unakataa bila kumwonea haya. Mfumo wake wa msingi ulikuwa imara. Tatizo lilikuwa vifurushi. Kifurushi ni programu iliyotengenezwa na watu wa nje, ambayo mtambo huichukua kutoka ghala la mbali ili imfanyie mwenye mtambo kazi fulani: kimoja huchapa vyeti, kimoja huhesabu tarehe, kimoja hufungua na kufunga lile lango la chuma. Watengenezaji wake hutoa matoleo mapya kila mara, kuziba nyufa na kurekebisha makosa, na mwenye mtambo anatakiwa ayafuate. Jamhuri ya Tuendelee ilikuwa haijayafuata kwa miaka kumi na mmoja.

Hakuna aliyelalamika. Ni kweli kwamba kifurushi cha tarehe kilishindwa kuhesabu zaidi ya miaka mia moja, na kila mkongwe aliyevuka umri huo alipewa cheti kinachosema atazaliwa mwakani. Lakini wakongwe ni watu wavumilivu.

Mambo yaliharibika kwenye mkutano wa nchi jirani. Mgeni mmoja, akinywa juisi yake taratibu, alimwuliza Rais kama ni kweli mtambo wao bado unatumia matoleo ya enzi zile. Rais, ambaye wananchi humwita Baba, alirudi nyumbani bila kula keki. Siku ya pili Waziri wa Usasa, Mheshimiwa Profesa Daktari Injinia Kwangaya, akasimama mbele ya vipaza sauti tisa.

"Ndugu wananchi," alisema, "usasa si jambo la kesho. Kesho ni jambo la zamani. Kuanzia Jumatatu tutakuwa wa kisasa kwa lazima, na atakayechelewa atakuwa amejitanguliza nyuma mwenyewe."

Akatangaza Amri ya Usasa. Mtumishi wa zamu katika Jumba la Mtambo hatatoka mpaka mtambo, kwa kinywa chake, uandike maneno haya: Hakuna cha kusasisha. Lango nalo likaambiwa, kupitia mtambo, lisifunguke kwa ufunguo wala kwa bega, ila kwa maneno hayo matatu. Waheshimiwa walitobolewa mlango wao wa pembeni unaofunguka kwa beji, maana wao hawakuwa zamu.

*

Mafundi wa Jumba walikuwa sita. Jumatatu asubuhi watano waliugua, ugonjwa mmoja, katika hospitali tano mbalimbali. Wa sita, Sikudhani Lukindo, alikuwa mzima wa afya, na tena alikuwa na furaha, jambo ambalo humfanya mtu asahau kuugua. Ijumaa ya wiki hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, alikuwa anaolewa.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na stashahada ya kompyuta, na mchumba wake, Mahadhi, alikuwa mwoka mikate wa Mtaa wa Tanuri. Walikuwa wamekwisha kuahirisha arusi mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya Wiki ya Usasa, mara ya pili kwa sababu ya Wiki ya Kutathmini Wiki ya Usasa. Mara hii shangazi yake Sikudhani alikuwa ameapa kwamba arusi ikiahirishwa, hina haitalowekwa tena.

Lango likafungwa nyuma yake. Akaketi, akauamuru mtambo uende kwenye ghala la mbali ukaulize nini kimepitwa na wakati. Majibu yakaja: vifurushi kumi na vinne, na chini yao vitegemezi thelathini na vinane, maana kifurushi hakisafiri peke yake, huja na jamaa zake wanaokisaidia kazi. Sikudhani akatabasamu. Kazi ya saa mbili. Akaandika amri ya kusasisha, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha mwisho pale mlango wa pembeni ulipofunguka, akaingia mzee mmoja mwenye daftari kubwa la kijani.

Alikuwa Mzee Shebughe, Mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea Wageni, mtu aliyefanya kazi mpakani miaka thelathini na kustaafu bila kumwamini msafiri hata mmoja. Serikali ilikuwa imefikiri hivi: vifurushi vinatoka nje ya nchi; vitokavyo nje ni wageni; wageni wana kamati yao.

"Mwanangu," alisema Mzee Shebughe, akiweka miwani, "hawa kumi na wanne wamekaa humu miaka kumi na mmoja. Mdhamini wao nani?"

"Mzee wangu, hizi ni programu."

"Sikukuuliza kazi yao. Nimekuuliza mdhamini."

Sikudhani akaeleza, kwa adabu na kwa kirefu, kwamba hakuna mtu ndani ya mtambo. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema hata mpakani walikuwa wakimwambia hakuna mtu ndani ya lori. Kisha akafungua daftari. Kila mgeni alipaswa kuwa na mdhamini mmoja, raia, mwenye tabia njema. Chini ya kila ukurasa paliandikwa kwa herufi ndogo: Mdhamini hatavuka lango la Jumba mpaka mgeni wake aondoke na toleo jipya lishike nafasi yake.

Sikudhani aliyasoma maneno hayo. Hilo lijulikane, asije mtu akasema alidanganywa. Aliyasoma, akajiambia kwamba wageni wale wanaondoka leo hii jioni, na kwamba chumbani hamna raia mwingine mwenye tabia njema. Akatia sahihi mara kumi na nne.

"Vizuri," alisema Mzee. "Kesho kamati itawahoji."

*

Jumanne kamati ilikaa mbele ya kioo cheusi, wajumbe saba, kila mmoja na chupa ya maji na sahani ya korosho. Kwa kuwa wageni hawakusema, mdhamini alisema kwa niaba yao. Sikudhani alijibu kama kifurushi cha kuchapa, akajibu kama kifurushi cha tarehe, akajibu kama kifurushi cha lango. Aliulizwa kabila. Aliulizwa madhumuni ya safari na anakusudia kukaa siku ngapi. Mtengenezaji wa kifurushi cha kuchapa alikuwa amejiandika kwa jina la Panya Mweupe, na wajumbe walitumia saa nzima kujadili kama ni jina la ukoo. Mjumbe mmoja alitaka kujua kwa nini mtu huyo anagawa kazi yake bure kwa ulimwengu mzima; akaonya kwamba yeye, katika utumishi wake wote, hajawahi kuona mtu mwema wa namna hiyo asiyekuwa jasusi.

Alasiri walipitisha wote kumi na wanne. Sikudhani akarukia kibao cha herufi, akauliza ghala tena kwa tahadhari. Wakati kamati ikihoji, watu wa nje, ambao hawana kamati, walikuwa wametoa matoleo mapya zaidi ya vifurushi vitano. Akamwonyesha Mzee Shebughe. Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Sisi tulimhoji kaka," alisema. "Huyu aliyefika ni mdogo wake. Hatumjui."

Watano hao wakapangiwa kikao cha Alhamisi, na kwa kuwa waliingia kwa kundi moja, wenzao tisa wakaambiwa wawangoje.

Jioni Mahadhi alikuja langoni na mkate wa nazi, moto bado, akaupenyeza kati ya vyuma. Pembeni yake alisimama mlinzi, Sajenti Hiza, aliyekuwa ameamriwa kutazama kwingine mikate inapopita. Mahadhi akauliza ndani kuna nini hasa. Sikudhani alipomweleza habari za kaka na mdogo wake, mwoka mikate yule, mtu ambaye kazi yake yote ni kutoa kitu kipya kila asubuhi, alikung'uta unga mikononi.

"Sasa mimi nikingoja kamati ipitishe mkate wa leo," alisema, "watu watakula mwaka gani?"

"Usinichekeshe, Mahadhi. Nikicheka nitalia."

"Shangazi yako anauliza aloweke hina au asiloweke."

Sikudhani akashika vyuma vya lango. Akasema aloweke.

*

Jumatano alibuni njia ya kuifupisha orodha. Katika vile vitegemezi thelathini na vinane, ishirini havikuwa vikitegemewa na yeyote. Vifurushi vilivyovileta vilikwisha kufutwa zamani, vyenyewe vikabaki vimekaa tu, vinakula nafasi. Mafundi huviita yatima, na mtambo una amri moja fupi ya kuviondoa vyote. Kwa kuwa sasa kila jambo lilitakiwa kuripotiwa, Sikudhani aliripoti: Saa nne leo nitaondoa yatima ishirini.

Ripoti ilipita mikononi mwa watu kumi na moja kabla ya kumfikia Mama wa Taifa, mke wa Rais, mlezi wa yatima wote nchini. Saa tatu na nusu magari yalianza kuingia. Mama wa Taifa alipita mlango wa pembeni na ujumbe wake, akiwa na katoni za sabuni na biskuti, machozi yakimlengalenga. Alipapasa ubavu wa mtambo. Akauliza mdogo wao ana umri gani. Alipoambiwa miaka kumi na mmoja, alikaa kitini.

"Na huyu binti ndiye alitaka kuwatupa nje?"

Watu wote wakamtazama Sikudhani. Jambo lililosemwa hivyo lilimfanya hata yeye ajione katili. Picha zikapigwa. Amri ikatoka kwamba katika Jamhuri ya Tuendelee yatima haondolewi, na kwamba wale ishirini watunzwe na pia wasasishwe kama wengine, bila ubaguzi. Biskuti ziliachwa mbele ya mtambo, na Mzee Shebughe akaandika kwenye daftari kwamba wageni wamekabidhiwa.

Alhamisi kamati ilikaa, ikapitisha wale wadogo watano kwa muda mfupi wa ajabu, kwa sababu korosho zilikuwa zimekwisha. Sikudhani hakungoja hata miguu yao itoke mlangoni. Akabonyeza. Mtambo ukafikiri, ukaandika: Haiwezekani.

Akausoma ule mstari mara tatu. Chini yake mtambo ulitoa sababu, kwa upole wa mashine isiyo na haraka. Vifurushi vyote vipya vilihitaji maktaba mpya ya sauti, yaani mkusanyo wa milio ambao programu huuazima. Lakini maktaba ya zamani ilikuwa imefungiwa isibadilishwe, na aliyeifungia, miaka kumi na mmoja nyuma, alikuwa ameacha maelezo: Isiguswe. Saa ya Baba.

Saa ya Baba ilikuwa kifurushi kidogo kilichopiga tarumbeta Ikulu kila asubuhi ili Rais aamke. Kilijua kupiga kwa maktaba ya zamani tu. Maktaba mbili haziwezi kukaa mahali pamoja: ukileta mpya, tarumbeta linanyamaza, ukiiacha ya zamani, hakuna kitakachosasishwa milele. Ndipo Sikudhani alipoelewa kwa nini nchi nzima ilikuwa imesimama miaka kumi na mmoja.

Waziri Kwangaya alikuja mwenyewe. Alimsikiliza amesimama, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, Saa ya Baba nayo ina toleo jipya," Sikudhani alisema. "Tuisasishe, mengine yote yatafuata. Ni dakika tano."

"Linapiga tarumbeta lilelile?"

"Linafanana sana."

"Linafanana." Waziri alilionja neno hilo kama mtu aliyeng'ata mchanga kwenye wali. "Unataka Baba aamshwe na sauti ya mgeni?"

"Nataka kutoka, Mheshimiwa. Kesho ni arusi yangu."

"Hongera. Utatoka mtambo ukisema hakuna cha kusasisha. Sheria haina ugomvi na arusi." Akageuka kuondoka, kisha hasira ikamrudisha. "Na mimi nashangaa jambo moja. Kila siku mtambo wetu unakwenda kuuliza watu wa nje kama sisi ni wa kisasa. Wao ni nani? Wanatujua? Nchi huru inajiuliza yenyewe."

Akatoka kwa beji yake. Sikudhani alibaki amesimama katikati ya chumba, maneno ya Waziri yakimzunguka kichwani. Alikuwa amesoma miaka mitatu, na walimu wake walikuwa wamemfundisha kwamba kuna mambo fundi mwenye heshima hayafanyi. Aliyafikiria mambo hayo. Aliifikiria pia hina, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kulowekwa.

*

Ijumaa asubuhi alivaa khanga safi aliyoletewa na Mahadhi pamoja na mkate, akaketi kufanya kazi. Haikuwa ngumu. Alichukua kila kifurushi kama kilivyo, na uzee wake na nyufa zake, akatoa nakala, akazipanga nakala hizo katika ghala jipya humohumo ndani ya mtambo. Kisha akauambia mtambo: ghala la mbali limefungwa, kuanzia leo ghala lako ni hili. Nenda ukaulize.

Mtambo ukaenda kujiuliza wenyewe. Ukajikuta unafanana na wenyewe kwa kila herufi. Ukaandika:

Hakuna cha kusasisha.

Nje, chuma kikalia, lango likafunguka wazi.

Habari ilienea mji mzima kabla hajapata viatu vyake. Waziri aliingia akikimbia, jambo lisilowahi kuonekana, akasoma kioo, akavua miwani, akasoma tena. Sikudhani alimweleza alichofanya, bila kuficha kitu, maana alikuwa binti mkweli na tena hakujali. Waziri hakusikia ila neno moja: ghala la ndani. Akatoka kwenye ngazi za Jumba na kuwatangazia waandishi kwamba Jamhuri ya Tuendelee ndiyo nchi ya kwanza duniani kuwa ya kisasa bila msaada wa mtu, na kwamba hali hiyo haitabadilika.

Akarudi ndani haraka. Alitaka kuona mtambo ukisema tena.

Sikudhani alikuwa amekwisha kulifikia lango. Upande wa pili, ng'ambo ya mstari wa rangi nyeupe uliochorwa kizingitini, alisimama Mahadhi katika kanzu yake, nyuma yake shehe, nyuma ya shehe baba yake Sikudhani, na shangazi mwenye bakuli la hina. Adhana ilikuwa imekwisha kusomwa na sala imekwisha kusaliwa. Hatua nne. Sajenti Hiza akanyoosha mkono, polepole, kama mtu anayemzuia mtoto asiingie barabarani. Mkono mwingine ulishika daftari la kijani, alilokabidhiwa na Mzee Shebughe.

"Lango liko wazi, dada," alisema. "Mtu yeyote anatoka. Ila wewe una wageni."

Sikudhani hakuelewa. Sajenti, ambaye siku zote nne alikuwa ametazama kwingine mikate inapopita, sasa hakuweza kutazama kwingine. Alifungua ukurasa wa kwanza akamsomea herufi ndogo. Mdhamini hatavuka lango la Jumba mpaka mgeni wake aondoke na toleo jipya lishike nafasi yake. Akafungua wa pili. Alipofika wa tano Sikudhani alimwambia basi.

Mahadhi akanyanyua mguu kuvuka.

"Usivuke," alisema Sikudhani. "Ukivuka utakuwa mgeni. Watakutafutia mdhamini, na chumbani humu niko peke yangu."

Mguu ukabaki hewani, kisha ukarudi ulikotoka. Shehe alitazama juu, akatazama mstari, akauliza taratibu kama kuna kitabu chochote kinachokataza mwoaji kukaa nje na mwolewaji kukaa ndani. Hakikuwepo. Wakafungishwa ndoa hapo kizingitini, huku Mahadhi na baba mkwe wake wakishikana mikono upande wa nje, na Sajenti Hiza akishuhudia kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Shangazi alimpaka hina kwa kunyoosha mikono juu ya rangi nyeupe, akilia na kuitukana serikali kwa sauti ya chini, neno moja kwa kila kidole. Televisheni ya taifa ilirekodi yote na kuiita arusi ya kisasa.

Watu walipotawanyika Mahadhi alibaki. Alichuchumaa upande wake, mkewe akachuchumaa upande wa pili. Akakata mkate wa nazi vipande viwili, akampa kikubwa.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka kila mmoja wao apate toleo jipya na kuondoka. Wakiisha kumi na wanne, natoka."

"Basi toleo jipya litatoka lini?"

Sikudhani aliwaza ghala la mbali, alilolifunga mwenyewe asubuhi ile. Kipande cha mkate kilikuwa mkononi mwake, na hina ilikuwa mbichi, hakuweza kukunja vidole. Nyuma yake, ndani ya chumba, alisikia Waziri akibonyeza kitufe kwa mara ya saba, na akamsikia akisoma jibu kwa sauti, kwa furaha ya mtu anayesomewa barua ya mapenzi:

"Hakuna cha kusasisha."